Mwisho wa Thelma

Uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema niliusema nikiwa na miaka tisa, mdomo umejaa mkate na siagi, na ulidumu zaidi ya miaka hamsini bila kuchuja. Nausimulia mwenyewe kwa sababu hapa Bacup, mji wetu mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, kila mtu ameshaanza kuusimulia kwa namna yake, na katika namna zao zote mimi ndiye mjinga.

Nianze na Dorinda. Lilikuwa gazeti la wasichana, hadithi za picha, likitoka kila Alhamisi. Karatasi yake ilikuwa hafifu na wino wake ulihamia vidoleni, ukijikuna pua tu mama anajua ulikuwa unafanya nini badala ya kumenya viazi. Mzee Ormerod wa duka la magazeti alikuwekea lako chini ya kaunta, ameandika jina la ukoo kwa penseli kwenye kona ya juu. Letu liliandikwa Haworth. Ilijulikana kwamba ni la kwangu mimi, Beverley, mtoto wa shule, lakini aliyelilipia ni dada yangu Eunice, mwenye miaka kumi na tisa, mshonaji katika kiwanda cha sapatu na mchumba wa mtu. Mwanamke mzima mwenye pete kidoleni hawezi kuonekana akisoma Dorinda, kwa hiyo mimi nilikuwa kisingizio chake. Na kisingizio husoma cha pili. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria: yeye kwanza, akirudi kazini saa kumi na moja na nusu, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, na mtu asimsemeshe.

Watu wa siku hizi hawaelewi. Mjukuu wangu anamaliza tamthilia nzima Jumamosi moja, amelala kifudifudi, na akishamaliza hakumbuki hata jina la mtu mmoja. Sisi tulipewa kurasa tatu kwa wiki. Kurasa tatu! Msichana anaachwa ananing'inia kwenye ukingo wa jabali siku ya Alhamisi, unakwenda naye shuleni Ijumaa, unakwenda naye kanisani Jumapili, na bado ananing'inia. Na mateso yao yalikuwa ya kutosha! Hakuna msichana wa Dorinda aliyekuwa na wazazi wawili wazima. Kama hakuwa yatima alikuwa kipofu, na kama macho yalikuwa mazima basi alikuwa amesingiziwa kuiba kikombe cha michezo na farasi wake ameuzwa. Tulilia kila wiki, na sikumbuki wakati mwingine nilipokuwa na furaha kama ile.

Aliyetumaliza kabisa alikuwa Thelma. Thelma alikuwa yatima, tena muogeleaji hodari, na aliishi na Shangazi Hortensia aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu akidai miguu yake imekufa. Kila Thelma alipotaka kwenda mazoezini, shangazi alikuwa na hamu ya chai, au shuka libadilishwe, au ngazi zisuguliwe tena kuanzia juu. Sisi wasomaji tulikuwa tumeshaona, katika picha ndogo ya wiki ya sita, kwamba chumbani, mlango ukifungwa, shangazi anasimama na kujinyoosha. Thelma hakujua. Mtaa mzima tulimpigia kelele na hakusikia. Wiki ya ishirini na nne ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mashindano makubwa yako London, treni inaondoka saa tisa, na shangazi ameanguka sakafuni anashika kifua.

Alhamisi hiyo nililichukua gazeti kwa Mzee Ormerod saa kumi, nikitoka shule. Sasa, nyuma ya Dorinda, kwenye jalada, palikuwa na mwanasesere wa karatasi na nguo zake za kukata. Wiki hiyo alikuwa bibi harusi. Lorraine wa nyumba ya pili alikuwa ameshamkata wa kwake na anapita naye barabarani akiringa, na mimi sikuweza kuvumilia. Nikachukua mkasi wa mama. Nilimkata vizuri sana, shela na yote, nikambandika kwenye kadibodi ya boksi la nafaka kwa gundi ya unga, na vipande vilivyobaki nikavitupa motoni kama mtoto msafi. Ndipo nikafungua ndani kusoma kidogo kabla dada hajarudi.

Thelma anatazama saa ya ukutani. Shangazi anakoroma sakafuni. Unageuza ukurasa, na badala ya ukurasa kuna tundu lenye umbo la bibi harusi.

Hadi leo ningependa kumjua huyo bwana aliyeamua kuweka mwisho wa Thelma mgongoni mwa mwanasesere. Nasema bwana kwa sababu hakuna mwanamke ambaye angefanya ujinga ule. Nikakimbia kwa Lorraine: amekata. Kwa Glenda: amekata, na mdogo wake ametafuna. Mtaa mzima wasichana walikuwa wamemkata bibi harusi kabla ya kusoma, na hakuna aliyejua Thelma amefikia wapi. Wala hatungeambiwa wiki iliyofuata, maana pale mbele kulikuwa na maandishi mekundu: "Habari Njema, Wasomaji Wetu!" Katika magazeti yale, ukiona habari njema ujue ni msiba. Dorinda linaungana na gazeti jingine na hutaliona tena.

Eunice akaingia, akaweka miguu kwenye beseni, akafungua, akafika kwenye tundu. Akaniangalia kupitia pale penye shela.

"Bev. Njoo hapa."

"Nimeshausoma, dada," nikasema haraka, maana mkono wake ulikuwa umeshainuka. "Nimeusoma wote kabla sijakata. Nakusimulia."

"Simulia basi. Na usiruke kitu."

Nikatafuna mkate polepole ili nipate muda. Nilichotaka ni kimoja tu, mkono ule ushuke. "Basi," nikasema, "Shangazi yuko pale chini anasema, Thelma, nakufa, niletee chai. Thelma akachukua begi lake la kuogelea. Akachukua tiketi. Akasimama mlangoni akamwambia, 'Simama ukajichemshie mwenyewe.'"

"Acha!" Eunice akasema. "Thelma kasema hivyo?"

"Kasema. Na shangazi alivyokasirika akasahau kabisa kwamba miguu imekufa. Akaruka juu, akamfukuza mpaka getini na sapatu mkononi, majirani wote wanaona!"

Dada yangu alicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika kwenye zulia. Kisha akajifuta macho. "Na treni?" akauliza.

"Kaiwahi."

Mimi niliona mambo yameishia hapo. Jumapili yake tukaenda kunywa chai kwa kina Clifford Shorrock, yule mchumba. Mimi nilipelekwa kila mara ili kuwe na heshima, nami nilikwenda kwa ajili ya keki ya jeli na kastadi. Clifford hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mtu wa namna yoyote, alikuwa amekaa nyuma ya kurasa za mpira tangu nimjue. Mwenye nyumba hasa alikuwa mama yake, miguu juu ya kigoda, kengele ndogo ya shaba mkononi. Mipango yote ilikuwa tayari: harusi mwezi wa nne, Eunice aache kazi kiwandani, wahamie chumba cha nyuma, na yeye Mama Clifford hatimaye apumzishe miguu yake.

"Eunice, kipenzi," akasema siku hiyo, na kengele ikalia ingawa tulikuwa hatua mbili kutoka kwake. "Chai imepoa. Nichemshie nyingine, unajua hali yangu."

Eunice alikuwa ameinua kijiko. Akakiweka chini. Nikamwona anachukua mkoba wake.

"Simama ukajichemshie mwenyewe," dada yangu akasema.

Na Mama Clifford akasimama. Naapa kwa jina la mama yangu, alisimama wima kama askari, kigoda kikaenda upande ule, akatufukuza hadi getini na kengele yake inalia kila hatua. Jirani aliyekuwa anaosha madirisha alidondosha ndoo. Mimi nilikimbia huku nikilia kwa hofu, maana nilidhani nimekuwa mchawi. Clifford alitoka mlangoni na gazeti lake akauliza, "Kuna nini?" Ndiyo maneno yake ya mwisho kwa dada yangu. Mwaka uliofuata alimwoa Doreen Tattersall, na maskini Doreen alichemsha chai katika nyumba ile mpaka Mama Clifford alipofariki akiwa na miaka tisini na sita.

Baada ya wiki tatu Eunice alipanda basi la Manchester na kutoka hapo treni ya Southampton. Akaajiriwa kwenye meli kubwa za abiria kama msusi, akazunguka dunia akitengeneza nywele za matajiri. Tulipata kadi kutoka Sydney, kutoka Cape Town, moja kutoka Mombasa iliyosema joto ni kali lakini chai yao imekolea vizuri. Aliolewa na mhandisi wa meli, mtu mcheshi, wakapata binti, Gemma. Na popote alipokaa, akishapata glasi ya pili, alisimulia jambo lile lile: kwamba yeye aliokolewa na gazeti la watoto. "Kuna mtu aliandika Thelma," alikuwa akisema, "na kama angeandika mwisho mwingine, leo hii ningekuwa chumba cha nyuma kwa kina Shorrock." Kila akisema hivyo mimi nilikwenda kuangalia kama oveni imezimwa.

Mumewe alipofariki akarudi Bacup, mtaa wa pili kutoka kwangu, na mwaka huu akatimiza miaka sabini. Gemma akaja na wazo. Watoto wenye mapenzi ndio hatari zaidi.

"Mama mdogo," akaniambia kwenye simu, "nimelipata! Dorinda lile lenyewe, la mwisho, halijakatwa! Kuna mzee anauza magazeti ya zamani mtandaoni. Nimeagiza liletwe kwako, ulifunge vizuri, Mama asijue."

Likaja Jumanne. Nilikaa nalo mezani kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Harufu ilikuwa ile ile, na nakiri kwamba kwa dakika moja nilisahau shida yangu nikawa na miaka tisa. Bibi harusi alikuwa pale nyuma, mzima, amenishinda kwa ujana. Nikafungua ndani, nikasoma kitu ambacho hakuna msichana wa mtaa wetu aliyewahi kukisoma.

Thelma hakwenda. Treni inaonekana dirishani ikiondoka bila yeye. Shangazi yuko hospitalini, na kumbe safari hii anaumwa kweli, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye mto. Thelma amepiga magoti. "Nishani ni chuma tu, Shangazi," anasema. "Tabasamu lako ndilo dhahabu yangu." Kisha, kwa herufi kubwa, Mwisho.

Nilitukana kwa sauti, peke yangu, jikoni kwangu. Wiki ishirini na nne tumelia kwa ajili ya tabasamu la yule mwanamke! Halafu hofu ikanishika. Dada yangu amejenga maisha yake yote juu ya sentensi moja, na sentensi hiyo haimo. Akisoma hapa atajua nani aliitunga. Nilikuwa nimepoteza dada mara moja, kwa treni, na sikutaka kumpoteza tena kwa karatasi.

Mtu mwenye akili angefikiri zaidi. Mimi nilichukua mkasi wa kucha na kumkata bibi harusi tena. Miaka sitini ninayo, mpishi mstaafu wa shule, bibi wa wajukuu watatu, na nilikuwa nimetoa ulimi nje ili nisikosee kwenye shela.

Gemma alipofika Ijumaa akalitazama gazeti, akanitazama mimi. "Mama mdogo, hivi una akili timamu?"

"Mikono ilijiendea yenyewe," nikasema. "Mazoea ya utotoni."

"Lilikuwa zima! Miaka hamsini limekaa zima, wewe umekaa nalo siku tatu!" Akashika kichwa. Kisha akatulia, na utulivu ule ulinitisha kuliko makelele. "Si neno. Yule mzee alinitumia picha za kila ukurasa kabla sijanunua, sijazisoma bado, nasubiri nisome pamoja na Mama. Tutauonyesha ukutani, mkubwa, watu wote wasome. Itakuwa nzuri zaidi."

Sherehe ilifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa klabu ya wazee, pai za nyama, chipsi, keki yenye meli juu yake. Watu arobaini na kitu. Gemma akaweka mashine ya kuonyesha picha mezani, na mimi nikajikwaa kwenye waya wake. Norman, mtunza ukumbi, akauchomeka. Nikajikwaa mara ya pili. "Bev, mpenzi, hebu kaa chini, hiyo divai imekupanda," Norman akasema, akaniwekea kiti mbele kabisa.

Eunice alipoona ukurasa wa kwanza ukutani alipiga kelele kama msichana. Akasimama na glasi yake, akasoma kwa sauti, akiigiza shangazi, akiigiza Thelma, ukumbi mzima unavunjika mbavu. Akafika kwenye saa ya ukutani. "Sasa sikilizeni," akawaambia, "hapa ndipo penyewe." Gemma akabonyeza.

Dada yangu alisoma mpaka "dhahabu yangu" kabla sauti haijamwisha. Watu wakangoja afike penyewe. Kikohozi kimoja kikasikika upande wa chipsi.

"Siyo huu," akasema.

"Ndio huu, Mama," Gemma akasema, "tarehe ile pale juu."

Eunice aligeuka akaangalia viti vya mbele, na mimi nilikuwa nimeshaondoka, niko jikoni, nimefungua maji ya moto kwenye rundo la sahani ambalo hakuna aliyeniomba nilioshe.

Alikuja. Alisimama kando yangu, akavua pete zake, akaingiza mikono kwenye povu, akaanza kuosha yeye. Mimi nikachukua kitambaa cha kukaushia. Sahani tatu zilipita.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Nilikuwa na miaka tisa, dada. Mkono wako ulikuwa juu."

"Maisha yangu yote, Bev. Nilidhani kuna mtu mzima mahali fulani, mwanamke mwenye akili zake, ameketi akaandika neno lile, na likanifikia mimi nikiwa na miguu kwenye beseni. Nilikuwa namwombea kanisani, unajua? Kumbe ni wewe na kamasi zako."

"Sikuwa na kamasi."

"Ulikuwa na kamasi mpaka una miaka kumi na mbili!" Akasugua sahani iliyokwisha takata. "Kwa nini hukuniambia? Wiki ile tu. Ungeniambia, Eunice, nimetunga."

Hapo nikashindwa, nikalia, mwanamke wa umri wangu na kitambaa cha kukaushia vyombo. "Niliogopa, halafu ukawa umeshaondoka," nikasema. "Mama analia jikoni kila jioni, Baba hasemi na mtu, na mimi najua kwamba ni mimi niliyekuondoa. Kwa mdomo wangu. Nilikupandisha treni. Sikutaka uende, nilitaka ucheke tu. Walinipa kitanda chako cha dirishani, nikalala usiku mmoja, nikarudi kwenye changu. Changu kilikuwa kinaangalia chako. Nilikuwa nakitandika kila Jumamosi, shuka safi, mpaka nilipoolewa."

Eunice alizima bomba. Kule ukumbini walikuwa wameanza muziki, na Norman anacheka kwa nguvu. Dada yangu alijipangusa uso kwa kiwiko, povu likabaki kwenye nyusi.

"Tabasamu lako ndilo dhahabu yangu," akasema kwa dharau. "Takataka gani hii? Ningeusoma huo, Bev, Jumapili ningechemsha chai. Najijua. Ningelia vizuri na ningechemsha."

"Najua."

Akaniangalia. "Na wako haukuwa umekwisha. Ulisema kaiwahi treni, basi. Alifika?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. "Sijui, dada. Nilikuwa sijafika mbali kuliko Blackpool, ufukweni hapo jirani."

"Alifika," Eunice akasema. "Alilia chooni siku mbili nzima, anamtaka mdogo wake. Siku ya tatu akanawa uso, akaanza kazi."

Akanipa sahani nyingine nikaushe.